Shimo la Saba

Kila Ijumaa natoboa bahari mara saba.
Keke ni ya mkono; ile ya petroli
iligoma Januari, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
nami sikuwa na hamu ya kuibembeleza.
Nazungusha. Unga mweupe unapanda, mkavu,
kisha rojo, kisha chumvi,
kisha maji meusi yanachupa kana kwamba yalikuwa yananisubiri.
Nashusha kamba, nasoma fundo,
naandika kwa penseli, maana wino huganda.

Shimo la kwanza: sentimita mia moja na tatu.
La pili: tisini na nane.
La tatu limelaliwa na theluji hadi kiunoni,
na chini yake barafu ni sabini tu.
Watoto wa shule hawaniamini nikiwaambia
theluji ni blanketi,
na barafu, kinyume chetu, hunenepa kwa baridi
na kukonda ikifunikwa.

Namba zangu huzituma Tromsø,
kwa Ragnfrid, ambaye sijawahi kumwona miguu.
Kwenye skrini ana mabega, kikombe, dirisha lenye mvua.
Ana mashine inayoikata dunia miraba miraba,
na ndani ya mraba mmoja, alinionyesha siku moja,
ghuba yetu yote imeingia,
duka, kanisa, makaburi, mbwa mia tatu,
na kaka yangu Ussaqqak akivua samaki bapa,
sote tukiwa na joto moja, upepo mmoja,
barafu ya unene mmoja.
"Kumbe tunaishi kwa wastani," nikamwambia.
Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Si mzembe yule. Tangu hapo anaipunguza miraba
na kuuliza: upepo wa kusini ulikaa siku ngapi?
Mbona ufa hufunguka palepale kila mwaka,
na mwaka huu umewahi?
Utabiri wake wa Machi ulitimia,
hata Ussaqqak, mgumu wa kusifu, akanung'unika:
"Kabahatisha vizuri."

Aprili akaniandikia:
*Tukummeq, shimo la saba halina namba
wiki ya nne sasa. Umesahau?
Programu imeziba pengo kwa wastani wa jirani zake.
Themanini na moja.*

Nilikaa na barua ile mpaka chai ikapoa.
Dalili ya mvua ni mawingu, sawa;
huku kwetu dalili ya maji ni mbwa anayelala chini
akakataa, hata umwite kwa jina la mama yake.
Sarpik alilala hatua arobaini kabla ya shimo la saba.
Nikasogea peke yangu, nikapiga barafu kwa mtaimbo.
Kwa kawaida ni mapigo matatu.
Pigo la kwanza likapita.

Nikamjibu:
Sikusahau. Pale pako wazi
kwa sababu sikuwa na pa kusimama.
Usinizibie.
Kama mashine yako haijui kusoma pengo, ifundishe:
mpimaji aliporudi nyuma
ndipo habari ilipo.

Siku tatu, kimya.
Ya nne ikaja ramani mpya,
na mashariki ya kisiwa doa dogo la kijivu,
kando yake neno moja: *hatujui*.

Ussaqqak aliitazama simu, kamba za mbwa mkononi,
akaitazama tena.
Akageuza sleji, akashika njia ndefu ya pwani,
saa mbili zaidi kwenda, saa mbili kurudi.
Usiku usio na giza akaingia na samaki wanne
na malalamiko ya kutosha samaki arobaini.
Nikamwambia anilalamikie tu. Nilikuwa nakaanga, nasikia.

Leo Ijumaa.
Nimenoa keke, nimechonga penseli.
Mashimo sita.